Baba Amekuja na Nafula

Buruburu Phase 3,
Nairobi.
Jumapili, 16 Novemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mulongo,

Pokea salamu tele kutoka kwangu, kwa shemeji yako Kweyu, na kwa Baba ambaye ameketi hapa kando yangu akijifanya anasoma gazeti. Sisi tu wazima. Goti la Baba humsumbua asubuhi, lakini akishakunywa chai na kutembea uani kidogo, hulegea. Je, wewe waendeleaje huko Winnipeg? Wifi yangu Muhonja hajambo? Watoto nao, bado wanarefuka au baridi imewazuia? Nasikia theluji imeanza. Natumaini umenunua viatu vingine, maana vile ulivyotuonyesha kwenye simu ni vya mtu anayekwenda sokoni Kimilili. Na hiyo kazi yako ya kutunza wazee wa watu, Mungu akuongezee nguvu za mgongo na za moyo.

Najua utashangaa kupokea karatasi. Kwenye simu tunaongea, lakini mtandao hukatika Baba akiwa katikati ya maneno, naye hapendi kurudia. Ndiye aliyeniambia, "Mwandikie Mulongo. Mweleze kutoka mwanzo, usimfupishie." Basi sitakufupishia.

Unajua kwamba Baba amehama Maringo na sasa anaishi kwangu. Usichojua ni jinsi alivyokuja. Mwezi wa Agosti, asubuhi moja ya manyunyu, aliteleza pale bombani akiteka maji. Mwangangi, jirani yetu wa mlango wa pili, ndiye aliyemwinua na kumpeleka hospitali. Hakuvunjika, ila daktari alisema lile goti limechoka na mzee hafai tena kuishi peke yake. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Maringo nikiwa nimejiandaa kwa mabishano. Sikuyapata. Nilimkuta kitandani, nguo zake zimekwisha kukunjwa ndani ya ule mkoba wa kahawia aliopewa kiwandani alipostaafu.

"Nimekubali," alisema. "Tutakuja mimi na Nafula."

Wewe Nafula unamjua kwa picha tu. Mama alimwokota Muthurwa siku ya mvua kubwa, akiwa kitoto kilicholowa chini ya meza ya muuza nyanya, akaja naye kikapuni juu ya sukuma wiki. Kwa kuwa alimpata mvuani akamwita Nafula, kama wanavyoitwa wasichana wetu wanaozaliwa wakati wa mvua, na Senge Nafula, dada yake Baba, akanuna mwezi mzima kusikia amepata wajina mwenye mkia. Mama alipofariki, nilidhani yule paka atatafuta kwingine. Badala yake Baba, ambaye maisha yake yote alifukuza paka kwa gazeti, akaanza kumnunulia dagaa wa omena.

"Baba," nikamwambia, "mimi tayari nina paka wawili. Hawamjui Nafula. Mwache hapa, Mwangangi atamlisha."

Alivua kofia, akaiweka kitandani. "Basi na mimi Mwangangi atanilisha."

Ndivyo tulivyokuja Buruburu sote watatu kwa teksi, Nafula ndani ya kikapu kilichofungwa kwa leso, kikapu juu ya mapaja ya Baba. Dereva, kijana wa Umoja, alitutazama kwenye kioo. "Mzae, huyo msee wako hatanichafulia kiti?" Baba alimjibu kwamba huyo si msee, ni msichana, na ana adabu kuliko abiria wengi. Nafula alilia Jogoo Road nzima. Baba alimwekea kiganja juu ya leso na kumwita "mayi", yaani mama, vile vile alivyokuwa akiniita mimi nikiwa na homa.

Sasa nikuambie ukweli, Mulongo, sikuwa na wasiwasi. Nilifikiri kama mtoto wa Maringo. Unakumbuka paka wa mtaa wetu? Hakuna aliyekuwa na paka wake. Walilala popote palipo na jiko lenye majivu ya moto, wakazaa chini ya vitanda vya watu wasiowaalika, na paka mgeni akitokea walipigana ugomvi mmoja nyuma ya vyoo, kesho yake unawaona wote juu ya ukuta wanaota jua. Mama hakumtambulisha paka kwa mwenziwe hata siku moja. Yeye na uteo wake wa omena mlangoni, atakayekuja na aje. Nikadhani mambo ni yale yale.

Lakini paka wangu hawakulelewa mtaani. Simsim ni jike mzee wa rangi ya machungwa, na tangu watoto wangu watoke nyumbani ameamini kwamba kochi lile refu ni lake kwa hati. Karani ni dume kijana, mweusi mwenye kifua cheupe, na tulimwita hivyo kwa sababu hushinda dirishani akimkagua kila anayepita. Nilimfungua Nafula katikati ya sebule nikasema, "Haya, salimianeni."

Hawakusalimiana. Karani alimrukia kabla hajatoa mguu wa nyuma kikapuni. Walibiringika chini ya meza, kikombe cha Baba kikaanguka, Nafula akampiga Karani kucha ya pua, kisha akapanda nyuma ya kabati la vyombo na kukwama huko hadi Kweyu alipolisogeza. Simsim hakupigana. Alisimama juu ya kochi, manyoya yote wima, akitoa sauti kama tairi linalotoboka. Halafu akashuka, akaenda chumba nilichomwandalia Baba, na akakojolea kitanda.

Nilibadilisha shuka nikicheka ili yapite. Siku iliyofuata Simsim alirudia. Safari hii ilikuwa kofia ya Baba. Akaacha na kula. Karani naye akawa anamvizia Nafula kila kona, hata maskini akawa hatoki chini ya kitanda kwenda kujisaidia mchangani.

Baba alikuwa ameketi akiitazama ile kofia niliyoianika kambani. "Asenath," aliniambia taratibu, "wenye nyumba wametuambia turudi kwetu."

Alisema wametuambia, Mulongo. Hakusema wamemwambia Nafula. Nilirudi jikoni nikasimama tu. Nilijua kwamba nikishindwa na jambo hili la paka, mzee atachukua ule mkoba wa kahawia asubuhi moja nikiwa kazini, na tutakuja kumwokota tena pale bombani.

Kuna daktari wa mifugo hapa karibu na maduka, mama mmoja anaitwa Mbeti. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema nimewatendea wote watatu vibaya, ila hakulisema kwa ukali. Akanieleza kwamba paka humjua mwenziwe kwa pua kabla ya macho. Mgeni akae chumba chake, mlango umefungwa, na beseni lake la mchanga, maji yake, na mahali pa kujificha. Wenyeji wabaki na nyumba yao. Kwanza wabadilishane harufu: chukua kitambaa alicholalia mmoja, mwekee mwingine karibu na chakula. Wakiizoea harufu, walishe kila mmoja upande wake wa mlango, ili wajifunze kwamba harufu ya yule inakuja na kitu kizuri. Kuonana ni baadaye. "Na usiwe na haraka," alisema. "Wengine huchukua wiki, wengine miezi. Siyo lazima wapendane. Inatosha wasiogopane."

Nikarudi na mpango huo. Chumba cha Baba kikawa cha Baba na Nafula. Nilikuwa nikitafuta matambara kabatini Baba aliposema, "Kitambaa anacholalia kipo."

Ilikuwa leso ya Mama, ile ya manjano. Maandishi yake yalifutika zamani kwa kufuliwa. Nafula alilala juu yake tangu siku ya matanga, na Baba hakuruhusu mtu kuitia maji tangu siku hiyo. Kila nilipokwenda kumfulia nguo Maringo alikuwa akiitoa kwenye rundo na kuirudisha kitandani. Sasa akachukua mkasi, akaikunja mara moja, akaanza kukata katikati.

"Baba, ngoja, tutatumia kitambaa kingine."

"Kingine hakina harufu yake," alisema, na mkono wake haukusimama.

Sikumwuliza ni harufu ya nani, ya Nafula au ya Mama. Alinipa kipande kimoja nikakiweke chini ya sahani ya Simsim. Simsim alikinusa, akaruka nyuma, akakaa mbali akikitazama jioni nzima. Lakini kabla ya juma kuisha nilimkuta amekilalia.

Tukaanza kula mlangoni. Baba ndani, kwenye kigoda, na sahani ya Nafula miguuni pake. Mimi nje, chini sakafuni, na Simsim na Karani. Siku za kwanza sahani zilikaa mbali na mlango, kisha kila siku tukazisogeza kidogo. Ilibidi mtu akae pale hadi wamalize, na Baba si mtu wa kukaa na mlango kimya. Ndipo akaanza kusimulia.

Nimejua mambo ya Mama kwa kukaa sakafuni mbele ya mlango uliofungwa, ndugu yangu, mambo ambayo sikuyajua miaka yote tuliyokaa chumba kimoja. Je, wewe ulijua kwamba Mama aliwahi kufungasha mizigo kurudi kwao Kimilili? Alikuwa ametoka tu kuolewa. Chumba kilikuwa kimoja, na upande wa pili wa pazia aliishi mfanyakazi mwenziwe Baba pamoja na mkewe. Mama hakujua Kiswahili. Pale bombani, Baba alisema, wanawake waliisukuma ndoo yake nyuma kila ilipofika zamu, naye hakuwa na neno la kuwaambia. Jioni moja Baba akatoka kiwandani akamkuta amefunga nguo kwenye shuka.

"Ni nini kilimzuia?" niliuliza.

"Mama yake Mwangangi. Alikuja na sahani ya muthokoi, akakaa. Mmoja anaongea Kikamba, mwingine Kibukusu, na hakuna anayemwelewa mwenziwe. Kesho yake akaja tena. Hawakuambiwa na mtu wapendane, Asenath. Walikaa tu, kila siku, hadi wakazoeana."

Nilimsikia akimwambia Nafula amalize chakula. Upande wangu Karani alikuwa ameingiza mguu chini ya mlango, kucha zimefichwa, akipapasa.

Tulikuwa tumefika hapo, tukiwa na matumaini, Kweyu alipompelekea Baba chai siku ya Jumanne na mlango haukushika vizuri. Karani alipita katikati ya miguu yake. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu Baba hupenda hewa. Nafula alitoka hapo kama aliyetupwa, akaruka ukuta, akatoweka.

Baba hakumlaumu Kweyu. Ingekuwa afadhali angemlaumu. Alichukua fimbo yake akatoka, na sisi nyuma yake. Tulitafuta chini ya magari, kwenye mitaro, nyuma ya vibanda vya mboga. Kweyu aliongea na kila mlinzi wa kila geti, akieleza paka wa kijivu mwenye mistari, mpaka wakaanza kumwita Mzee wa Paka. Tulirudi mikono mitupu. Siku ya pili vilevile. Baba alikataa chakula. "Nimemtoa kwao bure," alisema, na nikamwona akiuvuta ule mkoba wa kahawia kutoka chini ya kitanda na kukaa karibu nao.

Jioni hiyo nilikuwa napika, na jua bado lipo juu ya mapaa, alipoingia jikoni akaniomba sufuria. Nikampa moja. Akaipima mkononi, akakataa. Akaitaka ile kubwa ya alumini, na mwiko. Akatoka nayo uani, akaanza kugonga. Tatu taratibu, moja kwa nguvu. Tatu taratibu, moja kwa nguvu.

Nadhani hata wewe huko ulipo umesikia. Ndivyo Mama alivyotuita kutoka uwanjani nyuma ya jumba la mikutano, kwa sababu alisema sauti za akina mama zote hufanana watoto wakinogewa na mchezo. Sikujua kwamba baada ya sisi kuondoka aliendelea kumwita Nafula hivyo hivyo, na kwamba Baba naye alikuwa akigonga peke yake miaka hii miwili, pale mlangoni Maringo. Ninachojua ni kwamba mkono wangu ulizima gesi wenyewe. Nilijikuta mlangoni na ndala mguu mmoja, tayari kuulizwa kwa nini nimechelewa na maji ya kuoga yamepoa. Mimi, mama wa miaka hamsini na minne. Nilishika mwimo wa mlango nikalia.

Baba hakugeuka. Aliendelea kugonga. Majirani walichungulia madirishani. Kisha juu ya paa la nyumba ya nyuma, karibu na tangi la maji, kichwa cha kijivu kikatokeza. Nafula alishuka polepole, vumbi tele, akasimama juu ya ukuta akitutazama mmoja mmoja. Baba akaweka sufuria chini. "Umechelewa," alimwambia. Ndipo akaruka.

Tukaanza upya tangu mwanzo, kama Daktari Mbeti alivyoagiza. Harufu, kisha sahani. Kweyu, kwa kuungama bila maneno, alimleta fundi akatengeneza mlango wa pili wa waya mwembamba, wa mbao nzuri kuliko mlango wenyewe. Kupitia waya huo walianza kuonana, kwanza dakika chache wakati wa kula, kisha mchana mzima. Karani ndiye aliyelegea kwanza. Alikuwa akiketi mbele ya waya na kusukuma kifuniko cha chupa chini yake, Nafula akikirudisha, hadi Baba akasema hawa wawili wanacheza mpira bila refa. Tulipofungua ule mlango nilishika taulo mkononi tayari kumfunika atakayeanza. Nafula alitoka, akanusa miguu ya meza yote, Karani nyuma yake. Simsim alinguruma kidogo kutoka kwenye kochi, akageuza uso akatazama ukutani. Taulo sikuitumia.

Nisikudanganye kwamba sasa ni ndugu. Simsim hampendi, na akipita karibu sana humpiga kofi moja la utosini kumkumbusha nani alitangulia. Lakini hakojoi tena kitandani, anakula, na Jumapili iliyopita niliwakuta kwenye kochi lile lile, Simsim mwisho wa huku, Nafula mwisho wa kule, na Baba katikati amelala na mdomo wazi.

Jambo la mwisho, na ndilo hasa lililomfanya Baba aseme nikuandikie. Tumerudisha nyumba ya Maringo. Tulikwenda Alhamisi, mimi na yeye. Meza ya Mama amepewa Mwangangi, kitanda nimekileta huku. Nilifagia. Ile sehemu ya ukuta lilipokuwa jiko bado ni nyeusi, nami niliiosha kidogo kisha nikaacha. Ni chumba kidogo mno, Mulongo. Sielewi tulilala wapi sote. Nilikumbuka wewe ukilala kichwa chini ya meza na miguu mlangoni, na kila aliyetoka usiku akikuruka, na asubuhi ukilalamika kwamba umeota unakanyagwa na tembo.

Msichana atakayeingia alikuja tukiwa bado hapo, mtoto mgongoni, akasimama mlangoni kama anayeomba ruhusa. Ametoka Busia, hamjui mtu. Baba alimwonyesha bomba na kumwambia maji hutoka alfajiri, asingoje jua. Akamwonyesha komeo la dirisha linalotaka kuinuliwa kidogo ndipo lifunge. Kisha akaelekeza fimbo ukutani. "Ukikwama, gonga mlango wa pili. Anaitwa Mwangangi. Mwambie umetumwa nami, Wekulo."

Ni yeye, siyo mimi, aliyemkabidhi ufunguo mkononi. Tukakaa ndani ya gari la Kweyu, mtaa wetu mbele yetu, watoto wa watu wanakimbia na tairi. Nilidhani anataka tukae kidogo, kwa hiyo sikuwasha.

"Mbona hatwendi?" aliniuliza. "Twende nyumbani. Wale watatu hawajala."

Nikawasha gari.

Msalimie sana Muhonja, na umwambie kitenge alichonitumia nimekishona na nimekivaa kanisani. Wabusu watoto, hasa Triza, ambaye Baba anasema ana paji la uso la Mama. Senge Nafula anakusalimu, na ameahidi kuja Krismasi kumwona wajina wake, ingawa anasema hatamgusa. Mwangangi naye anakukumbuka. Baba anasema wale wazee unaowatunza, uwe ukiwauliza walizaliwa wapi na nani aliwapikia. Anasema watakujibu.

Mungu aliyemlinda Mama katika mji asioujua akulinde na wewe katika huo wako, akupe watu wa kukaa nao, na siku moja akurudishe utukute wazima.

Wako akupendaye, dada yako,

Asenath